Pale Sakafu Inapochelewa Kukauka

Aliyeyaona malengelenge alikuwa mama mkwe. Bi Döndü alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti cha magurudumu cha Nesibe, anamvua soksi ili amwoshe miguu kama alivyofanya kila Alhamisi alasiri, na soksi ya kulia ikakataa kutoka. Ilikuwa imegandana na kisigino. Akaivuta taratibu, kisha akaacha kuvuta.

"Nesibe," alisema. "Leo miguu uliiweka wapi?"

"Miguu? Si hii hapa, Mama."

"Nakuuliza uliiweka wapi."

Nesibe akainama kadiri mgongo ulivyomruhusu. Kwenye visigino vyote viwili na chini ya vidole gumba kulikuwa na malengelenge makubwa kama zabibu, yamejaa maji, na moja lilikwisha kupasuka ndani ya soksi. Aliyatazama kama mtu anayetazama miguu ya jirani. Hayakumuuma. Tangu ajali ya barabarani ya mwaka juzi hakuna kitu kilichowahi kumuuma chini ya kiuno.

"Jikoni," alisema mwishowe. "Niliiweka sakafuni, jikoni."

Asubuhi ile Bi Döndü alipokwenda sokoni, Nesibe alikuwa amejifungia jikoni na unga wake. Jikoni lilikuwa na siku kumi tu tangu likamilike, makabati meupe, meza ya jiwe la kijivu, na yeye alitaka kumfungia mumewe manti za safari, vile vifuko vidogo vya unga vyenye nyama ambavyo mwanamke wa Kayseri, mji wao wa Uturuki, hupimwa navyo. Kwa saa tatu alikata, akajaza, akabana ncha, kifuko baada ya kifuko. Mabomba ya maji moto yalipita chini ya vigae kama katika kila fleti mpya ya mtaa ule, na nje theluji ilikuwa imefika kwenye vioo vya magari. Alikuwa na furaha. Hiyo ndiyo iliyomchoma baadaye kuliko kidonda chenyewe, kwamba katika zile saa tatu alikuwa akiimba.

"Ya Rabi," alisema Bi Döndü, bado yuko magotini. "Mtoto ameiva huku anaimba."

*

Kwenye zahanati daktari alikuwa kijana mwenye haraka. Aliinua mguu wa Nesibe, akaugeuza, akaushusha, kisha akamgeukia Turan, mumewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Ana hisia chini ya kiuno?"

"Muulize mwenyewe," alisema Nesibe. "Nipo."

Daktari akakohoa. "Samahani. Una hisia?"

"Sina."

"Basi nani alimwacha na miguu kwenye sakafu ya moto?" Swali likarudi tena mlangoni. Turan akaizungusha kofia yake mara mbili. Alikuwa dereva wa lori, mtu wa kupeleka masofa ya Kayseri mpaka Romania, na mipakani alikuwa amezoea kuulizwa maswali na watu waliokaa huku yeye amesimama. Lakini hili hakuwa na karatasi ya kulijibu.

"Hakuna aliyeniacha," alisema Nesibe. "Mimi si mzigo wa kuachwa."

Waliporudi nyumbani miguu yake ilikuwa imefungwa bendeji hadi vifundoni. Muuguzi alikuwa mpole, akamwambia ana bahati, kidonda hakikuingia ndani, wiki tatu atapona akiwa mwangalifu. Neno bahati lilimkaa Nesibe vizuri. Akamshukuru muuguzi mara mbili.

*

Ijumaa asubuhi, juu ya chai na zeituni, Bi Döndü alisema lile alilokuwa akilitafuna tangu jana.

"Jumatatu wewe unaondoka," alimwambia mwanawe. "Nami ilikuwa nirudi kwangu Develi Jumapili. Sawa, nitarudi. Lakini narudi na Nesibe."

"Mama, jikoni tumelijenga ili..."

"Tumelijenga, na umeona lilichomfanya."

Ukweli ni kwamba jikoni lile lilijengwa kwa ajili ya wote watatu. Kwa miezi kumi na minne Bi Döndü alikuwa ameacha nyumba yake imefungwa, miti yake ya aprikoti ya Develi haina wa kuipogoa, akapika, akafua, akapiga deki kwa mwanawe. Alikuwa na miaka sabini na moja, magoti yake yakilia kila anapoinuka. Mpango ulikuwa jikoni likiwa tayari Nesibe ajitegemee, na mama apumzike. Turan alikuwa ametumia akiba yake yote.

"Kwako kuna ngazi kumi na nne za mawe, Mama," alisema Nesibe. "Nitaingia kwa kubebwa, na sitatoka mpaka anibebe mtu."

"Na hapa utatoka kwa moto?"

Turan akaweka bilauri ya chai chini. "Kwa nini lakini uliitoa miguu kwenye vikanyagio vya kiti? Daktari wa mgongo si alisema isitoke?"

Nesibe akasukuma kiti chake hadi jikoni, akageuka uso kwa uso na kabati la sinki, akaenda mbele. Vikanyagio vya kiti vikagonga ubao mweupe wa chini wa kabati, ule unaofunika miguu ya kabati usawa wa sakafu. Tok. Kiti kikasimama. Akanyoosha mikono kuelekea meza ya jiwe, vidole vikagusa ukingo tu.

"Mpaka hapa," alisema. "Hapa naweza kubembeleza meza, siwezi kuifanyia kazi. Nikivitoa vikanyagio nafika. Lakini vikitoka, miguu inakwenda wapi? Inakwenda chini."

"Hukusema."

"Siku fundi alipokuja kupima nilisema. Akakuuliza wewe, 'Kaka, shemeji si atakuwa na mtu wa kumsaidia?' Nawe ukasema, 'Inshallah.'"

Turan akaukumbuka huo "Inshallah" wake. Aliona haya, akatoa simu mfukoni.

*

"Salaam alaykum, fundi Hikmet."

"Waalaykum salaam, kaka Turan! Kabati linasemaje?"

"Limemuunguza mke wangu."

Sauti ya msumeno ikazimwa upande wa pili. Turan alieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo fundi alivyozidi kurudi nyuma. Pole sana, kweli pole sana, lakini yeye amefunga mbao, joto si lake. Amtafute aliyetandaza mabomba. Kabati halijawahi kumuunguza mtu tangu dunia iumbwe. Halafu ana kazi tatu mbele yake, na kazi aliyokwisha kukabidhi amekabidhi.

"Sawa, fundi," alisema Turan, ambaye ugomvi wa simu ulimshinda kuliko barafu ya milimani. Alikuwa karibu kukata. Nesibe akanyoosha mkono.

"Fundi Hikmet, mimi Nesibe."

"Shemeji, pole, lakini elewa kwamba..."

"Sijapiga kukulaumu. Nina swali moja. Ule ubao wa chini una urefu gani kutoka sakafuni?"

"Sentimita kumi. Ndicho kipimo. Kayseri nzima ni kumi."

"Na ncha ya kiatu changu, nikiwa nimekaa kitini, iko sentimita ngapi?"

"Hiyo... sijui, shemeji."

"Siku ile ulipima ukuta, ukapima dirisha, ukapima hata jokofu. Mimi nilikuwa katikati ya jikoni, ukanizunguka mara nne na futi mkononi. Mimi hukunipima."

Upande wa pili fundi Hikmet alitazama msumeno wake. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na tano, mwenye sifa ya kazi safi, na hakuna kitu kilichomuuma kama kuambiwa alikosea kipimo.

"Kesho saa tatu," alisema. "Nitakuja."

*

Alikuja saa tatu kasoro, akavua viatu mlangoni, akavaa ndara alizopewa na Bi Döndü bila kusalimiwa sana. Alipoziona bendeji za Nesibe alivua kofia. Akaenda jikoni, akapiga magoti, akaushika ubao wa chini kwa mikono miwili na kuuvuta. Vibanio vikaachia kimoja kimoja, tak, tak, tak, na hewa iliyotoka chini ya kabati ikampiga usoni.

"Lahaula!" alisema. "Hili ni tanuri."

Akatambaa hadi kwenye kisanduku cha ukutani kando ya mlango, kile ambamo mabomba yote ya sakafu huanzia, akakifungua. Mabomba manane yalitoka pale, na yote yalipita mbele ya sinki kabla ya kutawanyika vyumbani. Ndiyo maana sakafu ya pale ilikuwa ya moto kuliko nyumba nzima, na yeye alikuwa ameifunga kwa ubao bila hata tundu moja la hewa.

"Haya, shemeji," alisema akiwa bado chini. "Sasa nakupima."

"Sasa nitapimwa," alisema Nesibe, "lakini futi nishike mimi upande wa juu. Usije ukaniandikia kumi."

Akacheka kidogo. Walipima kiatu chake juu ya kikanyagio. Fundi akasema sentimita ishirini na nne. Nesibe akataka avishwe kwanza soksi nene za sufu, maana huku baridi ni miezi sita. Ikawa ishirini na sita. Wakaongeza nafasi, wakafika thelathini juu na ishirini kwenda ndani. Kabati likatwe chini, safu ya droo za mwisho iondoke, ubao wa chini urudishwe nyuma, na miguu yake ipite chini ya kabati ikiwa palepale kwenye vikanyagio.

"Droo za sufuria zangu!" alisema Bi Döndü mlangoni.

"Sufuria zitapanda juu, Mama."

"Nani atazifikia?"

"Mimi sitazifikia. Nitatumia sufuria mbili. Tupo wawili."

Lakini hesabu ya fundi haikuishia hapo. Akakaa sakafuni, mgongo kwenye jokofu, na uso wake ukaanza kubadilika. Miguu ya kabati ikirudi nyuma, meza ya jiwe italemea mbele. Mtu akiegemea, kabati linapinduka na jiwe linamwangukia mapajani. Kulishikiza ukutani haiwezekani, ukuta ule ni wa matofali mepesi, ukiupiga msumari unatoka unga. Lazima fremu ya chuma ifungwe sakafuni kwa bolti.

"Basi ifunge," alisema Turan.

"Wapi, kaka? Aliyetandaza mabomba alitandaza kote, hakujua kabati litakaa wapi. Ramani hamna. Nikitoboa bomba, maji yanashuka kwa jirani wa chini, sakafu inavunjwa, na nyumba inakaa bila joto. Jana usiku ilikuwa digrii ngapi?"

"Kumi na sita chini ya sifuri."

"Basi. Kuna jamaa mwenye kamera ya kuona joto, lakini yuko Ankara hadi Jumatano." Akaitazama drili yake iliyolala kwenye mkoba. "Hiyo siiwashi hapa. Niite mwoga ukipenda. Lile la kwanza nililifanya kwa kutojua. Hili nitakuwa nimelifanya makusudi."

Hakuna aliyemwita mwoga. Turan akatoka kwenda kuvuta sigara kwenye roshani, ingawa alikuwa ameiacha. Kutoka chumbani ikasikika sauti ya kabati la nguo likifunguliwa. Bi Döndü alikuwa anakunja sweta za Nesibe.

Nesibe akaenda akasimamisha kiti mlangoni mwa chumba.

"Mama, ziache."

"Nikuache peke yako na hiyo sakafu? Nikiwa Develi nitalala vipi?" Bi Döndü hakugeuka. "Unadhani napenda? Unadhani nataka kumbeba mtu mzima? Mimi nimechoka, Nesibe. Nimechoka mpaka kwenye kucha. Lakini nikikuacha halafu kikutokee kitu, hiyo siiwezi."

Kwa miezi kumi na minne mama yule hakuwahi kusema kwamba amechoka. Nesibe alikuwa amejiandaa kugombana, na sasa hakukuwa na wa kugombana naye.

"Najua, Mama," alisema. "Najua umechoka. Ndiyo maana nataka ukapumzike bila mimi."

Bi Döndü akaweka sweta juu ya kitanda. Akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akapita pembeni ya kiti, akaenda jikoni. Mikono yake ilipokosa la kufanya siku zote ilichukua tambara. Sakafu ilijaa vumbi la mbao, na fundi bado amekaa palepale ameinamisha kichwa.

"Inua miguu," alimwambia, akaanza kupiga deki.

Alipiga kutoka dirishani kuja mlangoni, kwa mikono, kama alivyozoea. Fundi akahamia kushoto. Bi Döndü akamtazama.

"Hapo ulipokaa bomba lipo," alisema. "Kaa huku kama unataka pasipo na bomba."

Fundi Hikmet aliinua kichwa. "Umejuaje, bi mkubwa?"

"Nitakosa kujua? Sakafu hii nimeipiga deki miezi kumi na minne. Makabati ya zamani yalipong'olewa nimeipiga mpaka kule ukutani. Kuna mahali panakauka kabla sijasuuza tambara, na kuna mahali panabaki na maji mpaka nimalize chai. Panakwenda kwa mistari, mistari. Mimi nilidhani mlinunua vigae vya bei rahisi."

Fundi akamtazama, akaitazama sakafu. Vigae vilivyokuwa vimelowa vilianza kupauka mbele yao, si vyote kwa pamoja. Akasimama kwa kasi hata goti likagonga mlango wa jokofu.

"Kaka Turan! Tupa hiyo sigara uje! Washa boila mpaka juu!"

*

Waliyatoa makabati mawili ya sinki hadi sebuleni, wakaacha sakafu tupu hadi ukutani. Boila lilikuwa limeshushwa kidogo tangu Alhamisi, kwa hiyo walisubiri maji ya moto yaanze kutembea. Kisha Bi Döndü akalowesha jikoni zima kwa ndoo na ufagio, na wote wanne wakarudi mlangoni wakatazama sakafu.

Kwanza hakukuwa na kitu, vigae vya kijivu vinang'aa maji tu. Turan akafungua mdomo aseme neno, mama yake akampiga kiwiko. Halafu mbele ya sinki ukatokea mstari mwepesi, mpana kama kiganja, ukakua, ukapinda, ukarudi. Pembeni yake ukatokea mwingine. Sakafu ikaanza kujiandika yenyewe.

"Subhanallah," alisema fundi kwa sauti ya chini. Akachukua penseli yake bapa, akaingia kwa magoti. Lakini akiwa juu ya vigae, kivuli chake kilifunika mistari, na kila alipoinama aliipoteza.

"Kulia kidogo," alisema Nesibe. Kutoka kwenye kiti chake, mwanga wa dirisha ukija kwa chini, aliiona yote. "Hapana, umepita. Rudi. Hapohapo. Huo unakwenda mpaka ukutani, halafu unageuka kabla ya kona. Chora."

"Nimechora."

"Sasa kati ya huo na wa pili pana nafasi. Weka mkono. Bado pana maji?"

"Bado."

"Hapo ndipo penye bolti yako."

Walifanya hivyo kwa nusu saa. Sakafu ilipokauka yote, Bi Döndü aliilowesha tena, wakahakikisha mara ya pili, na mistari ikaangukia palepale ilipochorwa. Mwishowe penseli ilikuwa imeweka alama nane za bolti. Fundi Hikmet akajifuta jasho.

"Miaka thelathini na moja nafunga majiko," alisema. "Leo nimefundishwa na bi mkubwa mwenye ndoo na shemeji anayenipigia kelele."

"Sijapiga kelele," alisema Nesibe.

"Umepiga," alisema Turan. Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Hata hivyo drili ilipowashwa hakuna aliyecheka. Tundu la kwanza likatoa unga mweupe, mkavu. La pili vilevile. Bi Döndü alikuwa amesimama mlangoni midomo ikienda, anasoma dua. Kwenye tundu la tatu, ncha ya drili ilitoka na tope.

Fundi akaganda. Turan akaruka kwenye kisanduku cha mabomba, akaanza kufunga koki moja baada ya nyingine. Nesibe alishika magurudumu ya kiti chake asiende popote. Maji kidogo, ya kijivu, yalikusanyika kuzunguka tundu. Fundi akachovya kidole, akakinusa, kisha, kwa mshangao wa wote, akakiweka ulimini.

"Sabuni," alisema.

"Nini?"

"Ni sabuni! Maji ya deki yameingia kwenye ufa wa kigae." Akageuka na uso uliorudiwa na damu. "Bi mkubwa, wallahi, kwenye ile ndoo ulitia sabuni kiasi gani?"

"Deki bila sabuni ni kumwaga maji tu," alisema Bi Döndü kwa hadhi, halafu akakaa chini palepale kizingitini.

Matundu matano yaliyobaki yalikuwa makavu.

*

Jumamosi mchana fundi alikwenda kwa mchomeleaji wake, akarudi na fremu nne za chuma zilizopakwa rangi. Jumapili, ambayo hakuwahi kufanya kazi, alikuja tena. Akafunga bolti, akalipandisha kabati lililokatwa, akaweka pimamaji juu ya jiwe, akaegemea kwa uzito wake wote, kisha akamwita Turan naye aegemee. Kabati halikusogea. Ubao wa chini akaukata upya, mrefu zaidi, akautoboa vitundu virefu vya kutolea joto, akauingiza ndani kabisa na kuufunga kwa vibanio ili siku ya kusafisha utoke kwa mkono. Boila walilishusha, na koki za mabomba yanayopita mbele ya sinki wakazipunguza mpaka sakafu ikawa vuguvugu tu.

"Tayari," alisema, akasogea pembeni. "Mwenye jikoni aingie."

Nesibe akasukuma magurudumu. Vikanyagio vikaingia chini ya kabati, bendeji zake nyeupe zikapotea gizani mle, na kiti kikaendelea kwenda mpaka magoti yake yakagusa kabati. Akaweka viwiko vyote viwili juu ya meza. Akakaa hivyo kwa muda mrefu, mgongo kwao, na hakuna aliyemharakisha.

Turan alifuatana na fundi hadi mlangoni, akatoa pochi. Fundi akachukua fedha za gharama ya chuma na rangi tu, nyingine akazirudisha. Wakasukumana mikono pale kwenye viatu kama wanaogombana. Mwishowe fundi alimpita Turan, akarudi hadi mlango wa jikoni na kiatu kimoja mguuni, ndara mguu wa pili.

"Shemeji," alisema. "Siku ile nilimuuliza kaka. Ilikuwa nikuulize wewe. Nisamehe."

"Ulikuja, fundi," alisema Nesibe. "Wengi hawarudi kwenye kazi waliyokwisha kuikabidhi. Mungu akuwie radhi, na mikono yako isipungukiwe nguvu."

Fundi aliweka mkono kifuani, akaenda zake. Baadaye, ndani ya gari, ilimbidi ajifute pua.

*

Basi la Develi lilikuwa la saa kumi. Bi Döndü alikuwa amekwisha kuvaa koti, anazunguka nyumba akitafuta cha kufanya. Aliingia jikoni achukue tambara.

"Mama, keti," alisema Nesibe.

"Niketi wapi? Basi linaondoka..."

"Bado saa moja na nusu. Turan, mvutie mama kiti."

Turan akavuta kiti kwenye meza ndogo ya dirishani. Bi Döndü akakaa ukingoni na koti lake, kama mtu aliyeko ofisini anasubiri kuitwa. Tangu jikoni lile liwe jikoni hakuwahi kuketi ndani yake. Mikono yake ilizunguka mapajani, ikapanda mezani, ikapanga kijaluba cha chumvi, ikarudi mapajani. Mara mbili alitaka kuinuka sufuria ilipofoka, mara mbili mwanawe akamwekea mkono begani.

Nesibe alifanya kazi bila haraka. Maji yakachemka, manti zikaingia, akazikoroga, akaziopoa. Akaponda kitunguu saumu ndani ya mtindi, akayeyusha siagi na pilipili nyekundu mpaka harufu ikajaza nyumba. Alipohitaji kitu alisogeza kiti kushoto, kisha kulia, akaingia tena chini ya kabati, na kila alipoingia Bi Döndü aliinama kidogo kitini kuangalia miguu ilipo. Ilikuwa juu ya vikanyagio. Hatimaye akaacha kuinama. Akafungua vifungo vya koti.

Nesibe akaweka sahani mapajani juu ya sinia, akaileta mwenyewe hadi dirishani, akaiweka mbele ya mama mkwe wake. Akaweka na kijiko.

"Karibu, Mama. Miezi kumi na minne nimekula mkononi mwako. Sikuwahi kukushukuru vizuri, maana kila nilipotaka kushukuru nililia."

"Na sasa?"

"Sasa nashukuru."

Bi Döndü akavuta sahani karibu. Alichota kijiko kilichojaa, akakipuliza, akala. Akala cha pili. Machozi yalikuwa yakimshuka yenyewe na yeye hakuyafuta, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na kijiko na mwingine ulikuwa umekishika kiganja cha mkwe wake juu ya meza. Alikula mpaka sahani ikabaki nyeupe.

"Chumvi imepungua," alisema. Kisha akavua koti, akamkabidhi mwanawe, akaisukuma sahani mbele. "Niongeze. Basi lingine lipo saa kumi na mbili."